Yai la bibi na kodi ya kanisa

Swali la mwisho kwenye fomu lilikuwa la dini. Ilikuwa wiki yangu ya kwanza Leipzig, niko kwenye ofisi ya kuandikisha wakazi, nimevaa koti la kuazima na Kijerumani changu ni cha kuokoteza. Maswali mengine yote yalikuwa yamenitoa jasho. Hili niliona ni zawadi. Nimebatizwa Machame, kule Kilimanjaro, nimepata kipaimara Machame, na watu waliotuletea dini hiyo walitumwa kutoka mji huu huu. Nikaandika Mlutheri kwa herufi kubwa, nikatamani karani aniulize zaidi. Hakuuliza. Akagonga muhuri, akaita namba inayofuata.

Mwisho wa mwezi ukaja mshahara wa kwanza. Kwenye hati yake, chini ya kodi ya mapato, palikuwa na mstari wa makato nisiouelewa. Nikamwonyesha mwenzangu wa kazini, mama wa makamo, mzaliwa wa hapa hapa. Akausoma, akacheka mpaka akakiweka kikombe cha kahawa mezani. "Hiyo ni kodi ya kanisa," akasema. "Nani alikutuma uandike ukweli?"

Jioni nikampigia mama simu. Nilidhani atashangaa kama nilivyoshangaa mimi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo mpaka leo sijampa jibu la kueleweka: "Kwa hiyo huko mzee wa kanisa ni serikali?"

Utaratibu wenyewe si mgumu. Mtu aliyeandikishwa kuwa Mkatoliki au Mprotestanti wa kanisa kubwa la jimbo hukatwa asilimia 9 juu ya kodi yake ya mapato. Bavaria na Baden-Württemberg ni asilimia 8. Angalia vizuri: ni asilimia 9 ya kodi, mshahara wenyewe haupigiwi hesabu hiyo. Kama kodi yako ya mwezi ni euro 400, kanisa linapata 36. Mamlaka ya kodi inakusanya, inabakiza ujira mdogo wa kazi hiyo, nyingine inapeleka kanisani. Mzizi wake uko mwaka 1803, watawala wa Kijerumani walipotaifisha ardhi na mali nyingi za kanisa. Katika karne hiyo ya 19 majimbo yakaanza kutafuta namna waumini wenyewe watakavyolihudumia kanisa lao. Katiba ya Weimar ya 1919 ikaipa kodi hiyo ulinzi, na katiba ya 1949 ikaurithi ulinzi huo kama ulivyo. Mwaka 2022 makanisa hayo mawili yaliingiza kwa njia hii zaidi ya euro bilioni 12.

Mwaka huo huo wa 2022, zaidi ya Wakatoliki nusu milioni walijitoa rasmi, na Waprotestanti karibu 380,000. Kujitoa hakuna mchungaji wala maombi. Unakwenda ofisi ya msajili wa vizazi na vifo, au mahakamani katika baadhi ya majimbo, unatia sahihi, unalipa ada ambayo kwingi ni kama euro 30, unatoka. Mchungaji atajua baadaye kwa barua.

Nyumbani tuna maelezo ya haraka ya mambo haya: Wazungu wameshiba, wamemsahau Mungu. Nimeyasikia mimbarini, nimeyasikia kwenye vikao vya harusi, na nimewahi kuyasema mwenyewe. Baada ya miaka kadhaa ya kuingia na kutoka kwenye makanisa ya huku, siyaamini tena. Marekani nako wameshiba, hawana kodi ya kanisa, na Jumapili makanisani mwao kuna watu kuliko Ujerumani. Msomaji makini atanikumbusha Ufaransa, iliyotenganisha dini na dola mwaka 1905, na huko nako mabenchi ni matupu. Ni kweli. Sisemi basi kwamba kodi ndiyo iliyowafukuza watu. Ninachosema ni kwamba kodi iliwazuia viongozi wa kanisa kuona watu wakiondoka. Kwa miaka mingi waumini walikuwa wanapungua huku mapato yakipanda, kwa kuwa ajira ilikuwa nzuri na mishahara ilikuwa inakua. Benchi tupu halikumpunguzia mtu kitu.

Kule kwetu benchi tupu linaonekana wiki hiyo hiyo. Kila aliyekulia KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, anaijua sehemu ya matangazo, pale katibu anaposimama na karatasi: mahudhurio ya Jumapili iliyopita, watu wazima kadhaa, watoto kadhaa, sadaka ya ibada ya kwanza shilingi kadhaa, ya ibada ya pili shilingi kadhaa, bahasha za ahadi kadhaa. Utotoni sehemu hiyo ilinipa usingizi. Sasa naona ndiyo ilikuwa mapigo ya moyo wa usharika. Namba zikishuka wiki tatu mfululizo, wazee wa kanisa wanaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Halafu unakuja mnada. Kwa asiyeujua: kwetu sadaka haikuwa lazima iwe fedha. Mtu analeta alichonacho, yai, mkungu wa ndizi, kuku, maziwa ndani ya chupa ya soda. Ibada ikiisha watu wanatoka nje, wanasimama kwa duara, na mzee mmoja mwenye sauti anainua kitu kimoja kimoja. Bibi yangu mzaa baba alikuwa analeta yai. Moja tu, limefungwa kwenye kona ya kanga. Namkumbuka akifungua lile fundo polepole, maana vidole vilikuwa vimeshaanza kukaza, na kumkabidhi mzee kama anayemkabidhi kitoto kichanga. Yai la shilingi mia mbili lilianzia mia tano. Mwalimu mmoja anaongeza, mwenye duka anaongeza, linafika elfu tatu, linanunuliwa, na aliyelinunua anasema, "Narudisha." Linauzwa tena. Kuna Jumapili yai la bibi liliuzwa mara nne, kila mnunuzi akilirudisha, na bibi amesimama pembeni anajifanya anatazama mlima. Akirudi nyumbani atasema ametoa elfu kumi na moja. Na kweli alizitoa.

Ninaikumbuka picha hiyo kila ninapokwenda kusali vijijini huku Saxony, na nimezoea kwenda kwa baiskeli kiangazi au kwa basi majira ya baridi. Jumapili moja ya Februari niliingia kanisa la kijiji kusini mwa jiji. Paa jipya, kuta zimepakwa rangi vizuri, chini ya kila benchi kipasha joto cha umeme. Kengele ililia bila mtu, imefungiwa mtambo wa saa. Nikakumbuka rimu ya lori inayoning'inia kwenye mti nyumbani na kijana anayeigonga kwa nondo. Nikahesabu vichwa: kumi na tatu, mimi na mpiga kinanda tukiwemo. Mchungaji alikuja kwa gari kutoka kijiji kingine, na baada yetu alikuwa na ibada nyingine mahali pengine. Huku mashariki mchungaji mmoja kuwa na makanisa kadhaa ni jambo la kawaida kabisa.

Liturujia ikaanza, na hapo ndipo uzuri ulipo. Nilijua wapi pa kusimama kabla hawajasimama. Wimbo wa pili ulikuwa na sauti niliyoimba tangu shule ya Jumapili, nikaimba kwa Kiswahili bila kufikiri. Bibi mmoja wa mbele yangu akageuka. Baada ya ibada akanifuata mlangoni, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniuliza nimeujulia wapi wimbo wao. Nikamwambia ni wimbo wetu. Akacheka. Akaniambia kijiji chao kilikuwa na kikundi cha matarumbeta, vijana wakahamia magharibi baada ya ukuta wa Berlin kuanguka, sasa vyombo viko kabatini. Nikamweleza kwamba matarumbeta hayo hayo, tuliyofundishwa na wamisionari wa Kijerumani, kwetu bado yanapigwa mpaka kwenye harusi.

Nilipofungua pochi nitoe sadaka akanionyesha kisanduku kidogo ukutani karibu na mlango. Kulikuwa na sarafu. Hakuna aliyekuwa anakitazama, na mimi nikaona aibu ya ajabu, kama mtu aliyeleta chakula kwenye nyumba ambayo wenyewe wameshakula.

Kuna jambo la historia ambalo tunalipita haraka mno tunapozungumza kuhusu "Wajerumani waliotuletea dini". Misheni ya Leipzig ilifika Machame mwaka 1893. Ilikuja kwenye kivuli cha bunduki za wakoloni, hilo halifichiki. Mwaka 1900 Mangi Meli, mtawala wa Kichaga, alinyongwa Old Moshi, na mpaka leo wajukuu wake wanalitafuta fuvu lake kwenye maghala ya Ujerumani. Lakini misheni yenyewe haikuwa idara ya serikali, wala haikuwa idara ya kanisa la jimbo. Ilikuwa chama cha hiari. Ililishwa na michango ya watu wa vijijini waliopenda umisionari, na wanawake waliokaa pamoja kushona na kuuza. Vivyo hivyo misheni ya Berlin iliyokwenda nyanda za juu kusini, na Wamoraviani walioingia Rungwe mwaka 1891.

Ukilitazama hivyo, tulichorithi Machame ni Ujerumani ya mchango wa mkononi. Ujerumani ya kodi ilibaki kwao. Ndiyo maana bibi yule wa kijijini na bibi yangu wangeelewana bila mkalimani, ilhali mimi na hati yangu ya mshahara hatukuelewana. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefika Uchagani mwaka 1902 na akakaa, pamoja na kukatizwa na vita, hadi 1938, alishikilia kwamba usharika usimame juu ya ukoo, ujirani na rika, vitu alivyovikuta tayari. Wenzake walimwona anatia chumvi katika kuusifu Uchaga, na nadhani kuna mahali walikuwa sahihi. Ila aliona kwamba kanisa linakaa pale ambapo watu tayari wanadaiana.

Mwaka jana nilikwenda Herrnhut, mji mdogo karibu na mpaka wa Poland na Cheki. Kila Mmoraviani wa Mbeya analijua jina hilo. Mwaka 1722 wakimbizi wa imani kutoka Moravia walijenga hapo kwenye ardhi ya kabaila mmoja, Zinzendorf, na ndani ya miaka kumi walikuwa wameshatuma wamisionari wa kwanza Karibiani. Leo Wamoraviani wa Tanzania ni wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote duniani. Wa Ujerumani ni elfu chache. Tangu 2024 mji huo umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Nilipanda hadi makaburini. Wanapaita Shamba la Mungu. Ukiacha makaburi ya ukoo wa Zinzendorf yaliyoinuliwa katikati, mawe yote yamelazwa chini, yote yana ukubwa unaokaribiana, hakuna la tajiri wala la fukara, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, kwa mpangilio wa tarehe waliyofariki. Mke hazikwi karibu na mumewe. Nilitembea pale karibu saa nzima na ukiacha hayo ya Zinzendorf sikuona kaburi hata moja linalojitutumua, nikawaza makaburi ya marumaru na vigae yanayoota siku hizi kwenye vihamba vyetu. Chini mjini kuna bakuli la madini ya fedha lenye aya karibu 1,800 za Agano la Kale. Humo kila mwaka huchotwa kwa kura neno la kila siku, desturi iliyochapwa kitabuni kwa mara ya kwanza kwa mwaka 1731. Siku ya neno hilo ikifika, linasomwa asubuhi moja na watu wa lugha nyingi ambao hawatafika Herrnhut maishani mwao.

Kwa upande mwingine, hapa mashariki nimeona pia ibada inavyoweza kubaki wakati imani imeondoka. Serikali ya kikomunisti ya Ujerumani Mashariki, katikati ya miaka ya 1950, ilifufua na kueneza sherehe ya vijana wa miaka 14 ili kuua kipaimara. Wenyewe wanaiita Jugendweihe. Serikali ile ilikufa mwaka 1990. Sherehe haikufa. Nilialikwa kwa mtoto wa jirani: suti mpya, hotuba, maua jukwaani, muziki, kisha mlo wa ukoo mzima na bahasha za fedha. Ni kipaimara kilichotolewa mfupa. Nilitarajia kukicheka, sikuweza. Babu wa mtoto alikuwa analia.

Nisije nikaonekana nawapamba watu wa nyumbani. Baba yangu mdogo alipofariki, mzee wa kanisa alifika msibani na daftari la matoleo kwapani. Usharika siutaji. Akakaa, akanywa chai, kisha akafungua na kutusomea: ahadi ya jengo haijalipwa miaka miwili, bahasha za mwaka uliopita ni chache. Hakusema mchungaji hatakuja. Alisema tu, "Ni vizuri tuliweke sawa." Tukachangishana ukumbini, mbele ya jeneza, mimi nikatuma kwa simu. Mchungaji akaja, akahubiri vizuri sana. Mpaka leo nikikumbuka ile sauti ya kurasa zikifunuliwa, mdomo unakuwa mchungu.

Na daftari hilo liko Ujerumani pia, ila limevaa tai. Mwaka 2012 maaskofu Wakatoliki wa hapa walitoa amri kwamba aliyejitoa rasmi mbele ya serikali hapokei sakramenti, hawi mzazi wa ubatizo, na maziko ya kanisa anaweza kunyimwa. Hulipi, humo. Tofauti ninayoiona ni kwamba yule mzee wa daftari nilimfahamu kwa jina, na mwezi uliofuata niliporudi likizo nilimfuata kwake nikamwambia alivyotuumiza. Alijitetea, tukagombana, mkewe akaleta ndizi. Barua ya kodi huwezi kugombana nayo.

Tena kuna haki moja ambayo mfumo wa Kijerumani unatushinda, nami ningependa wachungaji wetu waisikie. Asiye na kodi ya mapato hakatwi kodi hiyo ya kanisa. Mwanafunzi, asiye na kazi, mzee wa pensheni ndogo, hao wote ni washarika kamili bila makato hayo, na hakuna anayewasomea daftari. Kodi hiyo, pamoja na fedha nyingi zaidi za serikali na bima, inasaidia kusimamisha hospitali, shule za chekechea na nyumba za wazee za Diakonie na Caritas, mashirika ya huduma ya Waprotestanti na Wakatoliki, ambayo kwa pamoja yameajiri zaidi ya watu milioni moja. Mwenye nguvu anabeba, mnyonge anapumzika. Kwa mfumo huo bibi yangu angekula yai lake. Nimejiuliza mara nyingi kama alikuwa analila hata moja.

Mwenzangu yule wa kazini alijitoa mwaka 1996. Nilimuuliza sababu, nikitarajia habari za kashfa za mapadri au sayansi. Akasema alinunua jokofu, fedha zikawa pungufu, akatafuta pa kupunguza. "Hakuna aliyekuja kuniuliza," akaongeza. Alilisema kama jambo dogo. Krismasi bado anakwenda kusikiliza muziki wa Bach pale Kanisa la Mtakatifu Thoma, alipofanya kazi Bach mwenyewe kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750, na analipa tiketi bila kunung'unika.

Mimi sijajitoa. Nimefika mpaka mlango wa ofisi mara moja, mwezi ambao mafundi walinidai, nikageuka. Si kwa utakatifu. Niliona aibu ya kumweleza mama.

Kinachonitia wasiwasi zaidi siku hizi kiko upande wa kwetu. Nilipokwenda likizo Desemba nilikuta skrini kubwa madhabahuni, na wakati wa sadaka ikatokea lipa namba. Vijana wakainamia simu, vidole vikacheza, dakika moja imekwisha. Mwenye haraka akaondoka. Ni rahisi, ni salama, wezi wa vikapu wamekosa kazi, na sisi wa ughaibuni ndio tuliodai iwepo. Lakini aliyetuma akiwa kitandani ametoa sawa na aliyekuja, na katibu akisoma namba zile za matangazo hataona tena tofauti kati yao. Jumapili hiyo mapato yalipanda, watu wakapiga makofi. Nilitazama mabenchi ya nyuma.

Mnada bado upo, nashukuru. Wiki mbili zilizopita mama alinipigia simu ya video akiwa pale nje ya kanisa, kamera inatazama majani, kisha viatu vya watu, kisha mkungu wa ndizi. Leipzig kulikuwa na theluji. "Wamefika elfu kumi na tano," ananinong'oneza, "unasemaje?" Nikasema ishirini. Nikasikia sauti ya mzee mnadi, yule yule wa daftari, sasa imekwaruza kwa uzee: "Ishirini, mtoto wa hapa, yuko Ulaya! Nani anamzidi?" Hakutokea mtu. Mama akaniuliza aupeleke nyumbani au vipi.

"Rudisha," nikamwambia.

Ukauzwa tena, elfu kumi na mbili.